Kaka Yangu Hakususa Ziwa Siku ya Ijumaa

Zavinje, mwaka 1768

16 Agosti

Jana, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, wanaume walisimamisha magurudumu ya upepo mashambani ili yafukuze ndege wasimalize zabibu. Leo yamegonga kutwa nzima na sijaweza kusikia hata hasira yangu mwenyewe, na hasira ninayo tele.

Padre Feliks, paroko wetu, kijana mwenye mashavu mekundu na nia njema, ametangaza altareni kwamba Askofu anataka kaka yangu Gašper awe mtakatifu. Baraza la uchunguzi litakuja kutoka mjini kuhoji mashahidi, na litakaa mpaka mavuno yaishe. Mimi ndiye nitakayewapikia, maana jiko la nyumba ya paroko nalijua kama mfuko wa aproni yangu. Nilimpikia Gašper humo tangu alipopewa parokia hii, na alipokufa waliniachia chumba cha nyuma.

Watu walilia kwa furaha. Aliyelia kuliko wote ni Agata, jirani yangu. Huyu ndiye aliyekuwa akivuka barabara kila akimwona Gašper, katika ile miaka mitatu Askofu wa zamani alipomkataza kusoma Misa. Wala asiniambie alikuwa anakwepa matope, alivuka hata kiangazi. Leo kanikumbatia mlangoni mwa kanisa na kunilowesha shingo. Kweli, kufa kufaana.

19 Agosti

Nimechuma maharage. Agata amepita akaniita "dada wa mtakatifu". Sikuitika.

27 Agosti

Wamefika. Kanoni Strasser, padre wa kanisa kuu la mjini, ni mrefu, mikono myeupe, sauti ya kubembeleza. Yeye ndiye anayeisukuma kesi ya utakatifu, na ndiye anayeandika kitabu cha maisha ya Gašper. Daktari Hribernik, mwanasheria wa Kanisa, ni mfupi na ana mafua yasiyoisha, na kazi yake ni kupinga kila kitu. Watu wamekwisha kumwita wakili wa shetani na wanafunga madirisha akipita. Wa tatu ni mwandishi wa baraza, ambaye hasemi, anaandika tu.

Chakula cha jioni niliwapa ugali wa ngano nyeusi na kabichi chachu.

"Bibi Jera," Kanoni akaniuliza, "Mtumishi wa Mungu alikuwa akila chakula hiki?"

"Alikuwa akila na kuongeza, Mheshimiwa. Akinyimwa vipande vya mafuta ya nguruwe juu yake, ananuna."

"Lakini Ijumaa?"

"Ijumaa alikula bila mafuta, na hakuna aliyethubutu kumsemesha mpaka Jumamosi."

Kanoni akamgeukia mwandishi. "Andika: kila Ijumaa alijinyima chakula na kukaa kimya."

Daktari alipenga kamasi. Nilidhani ananicheka, nikamchukia pale pale.

3 Septemba

Mvua. Zabibu zitaoza kama haitakatika.

8 Septemba

Mvua imekatika. Lakini mimi leo ningependa ngurumo.

Baada ya Misa, Kanoni alitusomea sura ya kwanza ya kitabu chake mezani. Nilikuwa namenya vitunguu, basi machozi hayakunishtaki. Anasema usiku Gašper alipozaliwa, kengele za Zavinje zililia zenyewe. Anasema pia kwamba Gašper akiwa mtoto mchanga alikuwa akisusa ziwa la mama yake kila Ijumaa, kwa kuheshimu mateso ya Bwana.

Niliweka kisu chini.

"Mheshimiwa, hayo umeyapata kwa nani?"

"Ni desturi ya maandiko ya aina hii, Bibi. Wasomaji huyategemea."

"Mama yetu alikuwa na chuchu zilizopasuka kwa sababu ya mtoto huyo. Alinionyesha. Gašper alinyonya Ijumaa, akanyonya Ijumaa Kuu, na angenyonya hata Siku ya Hukumu kama angeruhusiwa."

Padre Feliks aliona haya mpaka masikioni. Kanoni alitabasamu namna watu wa mjini wanavyomtabasamia kichaa asiye na madhara, akaendelea kusoma.

Gašper mwenyewe alikuwa na vitabu hivyo. Majira ya baridi alinisomea maisha ya maaskofu wa Ujerumani, ya abate mmoja wa Ufaransa, ya padre wa Hispania aliyezungumza na mbwa mwitu. Wote walisusa ziwa Ijumaa. Alifunga kitabu akasema, "Jera, siku moja kwa juma mama wote wa Ulaya wa Kikristo walikuwa wakipumzika." Tukacheka mpaka moto ukazimika. Sasa na yeye wamemtia kwenye foleni hiyo hiyo, na hawezi kusema neno. Asiyekuwepo na lake halipo.

Hilo la ziwa ningelimeza. Siwezi kumeza sura ya nne, ambayo Kanoni aliiacha mezani alipokwenda kulala mchana. Nimeisoma. Kuhusu ile miaka mitatu ameandika hivi: "Kwa kipindi fulani Mtumishi wa Mungu alipumzika na kazi za altare kwa ajili ya afya yake, kisha akarudi kwa unyenyekevu katika utii wa Askofu wake."

Afya! Basi niandike mimi, japo hakuna atakayesoma. Mwaka ule mvua ya mawe iliangusha zabibu karibu zote. Wakusanyaji wa Askofu walikuja na magari yao kuchukua fungu la kumi la divai kama kawaida. Gašper alikwenda kukaa mbele ya mlango wa ghala, juu ya kigoda changu cha kukamulia, akawaambia, "Mungu amekwisha kuchukua fungu lake kwa mvua ya mawe. Hili la pili ni la nani?" Wakarudi na magari matupu. Baada ya majuma mawili ilikuja amri: asisome Misa, asiungamishe, asibatize, mpaka atie sahihi karatasi ya kuomba msamaha. Karatasi ililetwa mara nyingi. Hakutia sahihi. Alivaa suruali ya gunia akalima mizabibu ya watu kwa ujira, mbele ya macho ya wale wale aliowaokolea divai, nao wakageuza nyuso. Mimi nilikula figili majira matatu ya baridi kwa sababu ya kiburi chake, nikamwambia hivyo usoni, na leo pia ningemwambia.

Halafu homa ikaja. Mapadre wa mjini hawakutaka kukanyaga huku. Ndipo Askofu akakumbuka kwamba Zavinje kuna padre aliyekaa bure, akamrudishia ruhusa kwa haraka bila kutaja karatasi. Gašper aliingia nyumba baada ya nyumba na mafuta matakatifu mpaka homa ikamwangusha naye. Aliomba azikwe karibu na ukuta wa makaburi, pamoja na vibarua wa mizabibu waliokufa juma lile, kando ya mama.

Hiyo ndiyo afya yake.

14 Septemba

Leo mahubiri yamekuwa ya ajabu. Padre Feliks amesema sheria ya Roma iko wazi: mtu ambaye Kanisa halijamtangaza haruhusiwi kuheshimiwa hadharani kama mtakatifu. Ikionekana mishumaa, au picha yenye duara la nuru kichwani, au watu wakimwomba kwa sauti mbele ya umati, kesi inakufa siku hiyo hiyo. Baraza litalikagua kaburi na kila shahidi ataulizwa kwa kiapo.

Sasa kaburi la Gašper, jinsi lilivyo, ni kama duka la sonara. Kuna mishumaa ndani ya vyungu, mioyo ya nta, miguu ya nta, mkongojo wa yule kiwete wa mlima wa pili, utepe wa kila bibi harusi. Yote ya miaka tisa, na yote wameweka wao. Mimi sijaweka kitu. Huwa naenda kung'oa magugu na kumgombeza.

Adhuhuri kijiji kizima kilikuwa makaburini kikipakua. Vitu vyote vimeingizwa ndani ya mapipa ya kabichi kwa Agata. Nimemkuta anakwangua nta kwenye jiwe kwa kijiko.

"Tunamsaidia," kanieleza.

"Mtaapa nini mkiulizwa?"

"Tutaapa hakukuwa na kitu. Kwani sasa kuna kitu? Angalia mwenyewe."

"Utamdanganya Mungu kwa kijiko, Agata?"

"Ah, dada wee, Mungu anamjua Gašper. Tunaowadanganya ni watu wa mjini."

21 Septemba

Mavuno yameanza. Mgongo.

24 Septemba

Mashahidi wanaingia sebuleni mmoja mmoja, mikono bado ina utomvu wa zabibu, wanagusa Injili na kuapa. Mlango ni mwembamba na jiko liko jirani, basi nasikia yote. Wote wameapa kwamba hawajawahi kuona mshumaa kaburini. Mmoja aliongeza kwamba hajui hata kaburi liko wapi. Daktari alimuuliza kama ndiye mchimba makaburi. Akasema ndiye.

Nilikosa pa kuuficha uso, nikauingiza kwenye chungu.

29 Septemba

Mtakatifu Mikaeli. Nimejua walichokuja kukifanya.

Niliwapikia bata kwa kabichi. Padre Feliks alikunywa divai mpya ambayo bado inachacha, hiyo inayolegeza ulimi kabla ya miguu. Akasema, "Ah, Mheshimiwa Kanoni, lile kaburi la marumaru litapendeza. Upande wa kushoto wa altare kuu, mwanga wa dirisha utalipiga asubuhi." Kanoni alimkanyaga chini ya meza. Nilimwona, kwa sababu nilikuwa nimeinama naokota mfupa.

"Marumaru ipi?" nikauliza.

Daktari Hribernik ndiye aliyesema, kwa sauti yake ya puani. "Kanisa kuu la mjini, Bibi Jera. Kesi ikipita hatua hii, mwili utahamishwa. Nilidhani umeambiwa. Wewe ni ndugu."

"Ni kwa usalama wa masalia," Kanoni akasema. "Makaburi haya hayana hata lango. Na jimbo jirani lina watakatifu wawili. Sisi hatuna hata mmoja. Waumini wanavuka mpaka na sadaka zao."

Nilitoka nje nikasimama kwenye uwanja wa kuku. Walimnyima altare akiwa hai. Amekufa, sasa wanataka kumlaza chini ya altare yao wenyewe, kushoto, penye mwanga, kama sahani ya kuonyeshea wageni. Na yule askofu aliyeandika amri amelazwa papo hapo, upande wa kulia. Watatazamana mpaka ufufuko. Gašper hawezi kuamka akatoka. Mimi ninaweza kutembea bado, na sijui niende wapi.

30 Septemba

Nimewaunguzia uji. Kwa kukusudia.

4 Oktoba

Nilimwendea Agata shambani, nikamwambia habari ya marumaru. Alikuwa na kikapu mgongoni, akaniangalia kwa chini.

"Nani kasema?"

"Feliks. Na Daktari."

"Daktari ni wakili wa shetani, kazi yake kututia fitina. Padre Gašper atabaki hapa, mahujaji watakuja hapa. Mume wangu ameshaanza kuongeza chumba."

"Agata, watamchimba."

"Dada Jera, nikwambie ukweli? Wewe unaona wivu. Ulimfulia soksi, umeshindwa kuamini kwamba miguu ile ni ya mtakatifu."

Nilimwambia kwamba miguu ile angalau haikuvuka barabara. Tangu hapo hatusemezani. Nimerudi nyumbani, na mbaya zaidi ni kwamba la soksi lilikuwa kweli.

6 Oktoba

Ukungu. Shinikizo la zabibu linalia kutwa.

12 Oktoba

Leo ilikuwa zamu yangu.

Niliapa. Kanoni alianza kwa upole mwingi. Je, Mtumishi wa Mungu, kabla ya kufa, alimwomba Askofu msamaha?

"Hapana."

"Labda kwa ishara? Labda alilitaja jina la Askofu katika sala?"

"Alilitaja. Sitarudia alivyolitaja, kuna Injili mezani."

"Bibi Jera, mtu akikaa miaka mitatu kimya bila kuasi, huo si unyenyekevu?"

"Hakukaa kimya. Alikuwa analima, na alipolima aliimba, tena vibaya."

Kanoni akamwambia mwandishi: "Andika: aliipokea adhabu kwa furaha, akiimba." Nikasema sikusema hivyo. Akasema ndiyo maana ya nilichosema. Nikajua kwamba nikisema kaka yangu alikuwa mbwa, wataandika alikuwa mwaminifu.

Kisha ikaja zamu ya Daktari. Nilijiandaa kwa meno yake. Akaniuliza kitu ambacho katika majuma yote haya hakuna aliyeuliza.

"Alikuwa mtu mwema?"

Nikasema alikuwa mkaidi. Nikasema alikoroma kwenye kiti cha maungamo, na watu walipenda kuungama kwake kwa sababu hiyo. Nikasema alitoa kuni zetu, akatoa na blanketi langu bila kuniuliza, nikalala na paka. Nikasema wakati wa homa alimwosha mama yake Agata, ambaye hata watoto wake walimkimbia, akarudi nyumbani akatapika, akanawa, akaenda nyumba ya pili. Daktari hakumwambia mwandishi la kuandika. Mwandishi aliandika mwenyewe.

"Swali la mwisho," akasema. "Kaburi limewahi kuheshimiwa hadharani? Mishumaa, nadhiri, picha?"

Kumbe ndiyo hiyo. Neno moja tu, na Gašper angebaki na mama. Lakini Feliks alikwisha kutusomea adhabu ya kiapo cha uongo: kusimama mlangoni mwa kanisa na kamba shingoni Jumapili zote za Majilio. Ningeivisha kamba Zavinje nzima, kuanzia mchimba makaburi mpaka Agata. Kuna niliotamani kuwaona nayo, sikatai. Lakini Gašper alikalia kigoda kile kwa ajili ya hao hao.

"Mimi sijawahi kuwasha mshumaa pale," nikasema.

"Nimeuliza juu ya watu wote."

"Na mimi si watu wote, Daktari."

Akapenga kamasi, akasema yametosha. Nimemkosea Gašper leo, na kama ningesema kweli ningemkosea pia. Nina hasira na kila aliyezaliwa na mwanamke, pamoja na yeye aliyekufa akaniachia haya.

19 Oktoba

Zabibu za mwisho zimeingia. Watu wamecheza ngoma uwanjani. Nimelala mapema.

1 Novemba

Jioni ya Watakatifu Wote kila mtu huwasha mishumaa kwenye makaburi ya wafu wake. Hata mlevi aliyezama kwenye pipa lake ana mishumaa mitatu. Padre Feliks, kwa kuogopa baraza lisije likadhani vibaya, amekataza hata ule wa kumwombea marehemu kwenye kaburi la Gašper. Basi makaburi yote yaling'aa, na moja tu lilikuwa giza, la padre aliyewazika wote hao. Niliwasha wa mama kando yake, nikauweka karibu na mpaka kadiri nilivyoweza. Feliks alikuja akausogeza. Aliniomba radhi. Nilimwona anaona aibu, lakini aliusogeza.

5 Novemba

Leo mezani Padre Feliks, ambaye hofu imemkondesha, alimuuliza Daktari, "Na ikitokea mtu akafanya upumbavu siku ya kukagua kaburi, itakuwaje?"

"Yaliyopita yanahitaji mashahidi," Daktari akasema huku akikata mkate wenye kokwa za jozi. "Yanayotendeka mbele ya baraza hayahitaji. Lakini bibi mmoja akipiga magoti na kusali, hiyo ni sala ya faragha tu, haina uzito. Sheria inazungumzia umati."

Kanoni alisema watu wa Zavinje ni watiifu. Daktari aliomba mkate zaidi. Nilimkatia kipande kikubwa, sijui kwa nini.

11 Novemba

Siku ya Mtakatifu Martino, divai mpya inapobarikiwa. Nitaandika yote.

Baada ya Misa tulitoka kanisani wote kwa maandamano kwenda makaburini, maana Kanoni alitaka ukaguzi ushuhudiwe na parokia nzima. Watu walivaa nguo za sikukuu. Mume wa Agata alikuwa na kofia ya uaskofu ya karatasi, ile ya mchezo wa kuibatiza divai, akaificha nyuma ya mgongo alipomwona Kanoni. Baraza lililikagua jiwe. Safi. Mwandishi aliandika. Ndipo gari lilipoingia kwa kupitia pengo la ukuta, na ndani yake sanduku la maiti la madini ya risasi, na mafundi wawili wa mjini wenye majembe.

Agata hakuniamini, wala wengine aliowasimulia. Sasa waliliona sanduku kwa macho yao, jipya, linang'aa, refu kidogo kuliko Gašper alivyokuwa.

"Mheshimiwa," mume wa Agata akasema, "hilo ni la nini?"

"Mwili unawekwa mahali panapostahili," Kanoni akajibu. "Furahini. Mtaweza kuja kumzuru."

"Mjini ni mwendo wa siku mbili."

"Hija fupi haina thawabu, mwanangu."

Nilizitazama nyuso zao, zile zile zilizogeuka Gašper alipopita na jembe, nikaona zinaanza kugeuka tena. Hatuna desturi ya kumjibu Kanoni. Tuna desturi ya kuvua kofia. Fundi mmoja alitia jembe ubavuni mwa jiwe, nami nikasikia udongo ukikatika.

Nilipiga magoti. Kanoni alinitazama kidogo tu, bibi mmoja, sala ya faragha. Kisha nikaanza litania ya watakatifu, kwa sauti kubwa, kama tunavyoiimba tukizunguka mashamba kuombea mizabibu.

"Mtakatifu Martino."

"Utuombee," wakajibu. Nani Zavinje asiyejibu? Tumefundishwa kabla ya kutembea. Hata fundi mwenye jembe alisimama akavua kofia.

"Mtakatifu Urbano."

"Utuombee."

"Mtakatifu Florian."

"Utuombee."

Kanoni mwenyewe alijibu. Niliisikia sauti yake ya kubembeleza. Nikalishika jiwe la kaburi, kwa sababu nilijua jina la nne ni lipi, na mimi ndiye niliyefua soksi zake.

"Mtakatifu Gašper Kolarič, paroko wetu."

"Utuombee."

Walijibu wote. Watoto, wazee, mchimba makaburi, Feliks naye, kisha akaziba mdomo kwa mkono. Kanoni alikuwa amekwisha kutamka nusu ya neno kabla hajalimeza. Tuliwasikia bata bukini wa Agata wakigombana kule bondeni.

"Ni mazoea," Kanoni akasema haraka. "Ni mdomo tu. Hawakujua wanachojibu. Mwandishi, usiandike hilo."

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Ilikuwa hila, nakiri hivyo bila aibu. Lakini nilipoliona tena lile jembe, nililiita jina lake mara ya pili, na safari hii sikuwa nacheza na sheria ya mtu.

"Mtakatifu Gašper Kolarič, uliyetukalia mlangoni."

Nikadhani wamenikimbia tena. Kisha sauti moja nyuma yangu, nene, ya kukwaruza.

"Utuombee," Agata akasema. Akaja akapiga magoti kando yangu kwenye matope na sketi yake ya sikukuu. Mumewe akafuata. Wakafuata wengine, na magoti yaliposhuka nilisikia kama gunia la viazi linamwagwa.

"Usiende nao," nikamwambia Gašper. "Kaa hapa. Sina mtu mwingine wa kugombana naye."

Wakajibu "utuombee" hata hapo, ingawa haikuwa litania tena.

Daktari Hribernik alipenga kamasi. "Mwandishi," akasema, "andika: ibada ya hadharani, parokia nzima, mbele ya baraza. Majina hayahitajiki."

"Umefurahi," Kanoni akamwambia.

"Nina mafua, Mheshimiwa. Andika kama ilivyosemwa."

Mafundi walilirudisha sanduku tupu kwenye gari. Nilipokuwa nainuka, Agata alinishika kiwiko. Nikamuuliza kama alijibu kwa mazoea au kwa kukusudia.

"Mara ya kwanza mdomo ulienda wenyewe," akasema. "Mara ya pili niliupeleka mimi. Na mama yangu alioshwa na yeye, usidhani nimesahau."

12 Novemba

Wameondoka asubuhi. Nimeadhibiwa: nisipokee Komunyo mpaka Pasaka. Padre Feliks alinisomea huku akitazama viatu vyake.

Kanoni alikuwa amekwisha kupanda garini, lile sanduku limefungwa kamba nyuma yake, nami nikapeleka kikapu cha chakula cha njiani kwa sababu kupika ni kazi yangu na mgeni ni mgeni. Alikipokea. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikubembeleza.

"Unajua ulichofanya, mwanamke? Angekuwa kwenye kalenda ya Kanisa. Watu wasiozaliwa bado wangemwomba. Umemfungia kaka yako mbingu."

"Mbinguni alishafika, Mheshimiwa, alikwenda kwa miguu," nikasema. "Mliyoikosa ninyi ni mifupa."